Kibofu cha Taifa

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Naapa kwa kaburi la mama yangu, ambaye yu mzima na asubuhi hii kanituma ugoro. Sheria ya baraza hili la kinyozi Makwega mnaijua: mstaafu akinaswa kwenye uongo, anawanunulia wote waliopo chai na vitumbua. Basi kaeni vizuri, wastaafu wenzangu, na wewe Bi Tumsifu mkunga wetu, na hata huyu mgeni aliyejaa povu mashavuni kwenye kiti cha kinyozi. Mkininasa, na yeye atakunywa.

Nchi yenyewe iko mbali. Unakwenda, unakwenda, ukichoka ujue bado. Haifanani kabisa na nchi yoyote mnayoijua, kwa hiyo nawaomba, nikisimulia, msikonyezane.

*

Nchi hiyo ilikuwa chini ya Mlezi. Jina lake kamili lilikuwa refu hata mtangazaji wa redio alipewa maji ya kunywa akifika katikati. Siku moja Mlezi alialikwa ughaibuni, akapelekwa kwenye uwanja wa nyasi. Akamwona mzee mwenye kitambi akipiga kimpira kwa fimbo, kisha akitembea polepole, mtu mmoja kambebea mzigo, mwingine kamshikia mwavuli, na umati unapiga makofi.

"Yule ni mfalme wenu?" akauliza.

"Hapana, Mtukufu. Ni bingwa wa gofu."

Mlezi alirudi nyumbani ameshaamua. Mashamba ya mihogo yaliyouzunguka mji mkuu, na baadaye hata ya vijijini, yaling'olewa, zikapandwa nyasi. Watu walipolia njaa, redio ikawafafanulia kwamba muhogo hupendeza siku ukiwa mezani tu, bali nyasi hupendeza mwaka mzima. Maji ya mabomba yakaelekezwa kwenye nyasi, na ndoo za akina mama zikaelekezwa kwenye subira.

Waziri wa Michezo, Ushindi na Makofi, Mheshimiwa Ladislaus Mpepo, alipewa amri moja: tushinde, gofu kwanza, mengine baadaye. Mheshimiwa akajitahidi. Waogeleaji wakafanya mazoezi matumbo chini kwenye saruji ya bwawa lisilo na maji, mpaka ngozi zao zikawa kama za kenge. Haikutosha. Ndipo ikaja Lishe.

Lishe ilikuwa vidonge. Mkimbiaji mmoja alimeza, akapita utepe wa ushindi, akapita lango la uwanja, akapita mpaka wa nchi, akaomba hifadhi ya kisiasa huko ng'ambo huku miguu bado inakimbia pale pale aliposimama. Mnyanyua vyuma mmoja alinyanyua chuma, akanyanyua meza ya waamuzi, waamuzi wakiwa wameketi, nao wakampa pointi kutoka huko huko juu.

Ila gofu haitaki nguvu. Gofu inataka mkono usiotetemeka. Ukilenga shimo kwa mpigo wa mwisho, moyo ukidunda kidogo tu, kimpira kinapotea. Kwa hiyo wacheza gofu walipewa kidonge cheupe, kile kile ambacho nchi nyingine humpa mgonjwa wa presha ili moyo wake upungue mbio. Mioyo ikatulia, mikono ikatulia, makombe yakaja. Mlezi mwenyewe, ambaye vidole vilianza kumtetemeka tangu ule uchaguzi aliokaribia kushindwa, alikuwa akila viwili viwili kama karanga.

"Hatutumii dawa," Waziri aliwaambia waandishi wa habari. "Tunatumia lishe. Dawa ni za wagonjwa, na nchi hii haina wagonjwa. Nendeni hospitali mkatazame, kama mtakuta dawa!"

Waandishi wakaenda, wakakuta kweli hakuna, wakaandika hivyo hivyo.

*

Raha haikudumu. Wakubwa wa gofu duniani walitangaza kwamba kwenye Kombe la Mlezi watakuja wapimaji wao na vichupa vyao. Kila mchezaji atakojoa. Mkojo ukikutwa na dawa, nchi nzima itafungiwa.

Waziri alijilaza kitandani na viatu. Alipoamka alikuwa na jibu: wachezaji wakiacha Lishe watatetemeka, basi wasiache, bali utafutwe mkojo wa mtu mwingine. Ikaundwa Tume ya Kumtafuta Raia Msafi.

Tume ilizunguka nchi. Kila aliyepimwa alikutwa na lake: huyu gongo, yule mirungi, yule dawa ya kikohozi anayoinywa bila kukohoa. Askofu mmoja aliomba asamehewe kabla hajapimwa. Wajumbe wenyewe wa Tume walipimana kwa mzaha, wakaahirisha kikao.

Mwisho wakafika kijiji cha Lugongoni, kule ambako lami inaishia na ahadi zinaanzia. Wakamkuta mzee Hezroni Malumbo, mpima pamba mstaafu, ameketi kwenye gunia tupu. Wakampima, wakarudia, wakarudia tena. Mkojo wake ulikuwa safi kama sala ya mtoto.

"Mzee wetu, siri yako nini?" mwenyekiti wa Tume akauliza. "Unafunga sana?"

"Sina siri, mwanangu. Zahanati yetu haijaona kidonge tangu bango lake lizinduliwe. Gongo nilikuwa nakunywa, lakini pamba ilipokosa bei, nikaokoka."

Mwenyekiti akawageukia wenzake, machozi yanamlenga. "Mnaona? Na kuna watu wanasema sera yetu ya afya haijazaa matunda!"

*

Malumbo alipelekwa mji mkuu, akapewa nyumba pembeni ya uwanja wa gofu, na sofa ambalo bado lilikuwa na nailoni yake, na cheo cha Chanzo cha Taifa. Alilishwa matikiti maji kutwa kucha. Askari walimpigia saluti akiingia msalani na kumpigia nyingine akitoka, na hiyo ya kutoka ndiyo iliyokuwa na heshima zaidi.

Alifurahi, mtu asidanganyike. Mtu aliyezoea kupuuzwa, ukimthamini kibofu peke yake, huona umemthamini mzima mzima.

Mkewe, Bi Eunike, alimfuata na kikapu cha njugu mawe. Akazuiwa nje ya uzio, kwa kuwa chakula cha Chanzo lazima kipite Wizarani. Wakawa wanazungumza kupitia wavu.

"Baba Neema, ndiko kupanda cheo huku?"

"Ndiko, mama."

"Na mimi niliyekuwa nakufokea usiimwagie mibilimbi yangu! Kumbe nilikuwa nafukuza mali ya Serikali."

Wakacheka. Askari wa langoni naye akacheka, halafu akakumbuka yuko kazini, akaacha.

Haukupita muda, kisogo cha Malumbo kikaanza kutwanga. Kwanza kama mtu anayepukuchua mahindi kwa jirani, baadaye kama kinu kilichokuwa ndani ya nyumba. Akawa anaona vimulimuli mchana. Wakamwita daktari wa Wizara, kijana mmoja aitwaye Ngwamba. Akamfunga kile kifaa mkononi, akakipuliza, akatazama, akakipuliza upya akidhani kimeharibika.

"Mzee, presha hii ni ya watu wawili."

"Inatibika?"

"Kidonge kimoja kila siku, na utaishi mpaka wajukuu wakuchoke."

"Basi lete."

Daktari akatazama chini. Ufunguo wa ghala ulikuwa ukining'inia kiunoni mwake. Ghala lilikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yake na kitanda cha Malumbo, na ndani yake makasha ya vidonge vyeupe yalikuwa yamepangwa hadi darini. Nchi nzima vilikuwa pale tu.

"Ndiyo Lishe yenyewe," akanong'ona. "Ukimeza wewe, kitaonekana kwenye vichupa vyao wote."

*

Waziri alikuja mwenyewe, na mpiga picha wake.

"Mzee wangu Malumbo! Nasikia kisogo kinakusumbua."

"Mheshimiwa, nakufa. Naomba kidonge kimoja. Au nusu. Hata kulamba, nitalamba."

"Ukilamba wewe, taifa limelamba."

"Lakini vijana wako ni wazima kabisa na wanameza kila siku!"

"Ndiyo maana hatuwezi kukuruhusu. Wao wanameza kwa niaba yako, wewe unakojoa kwa niaba yao. Huo ndio mshikamano."

"Na nikifa?"

Waziri alionekana kuumia kweli. "Mzee, mbona unaingiza ubinafsi? Kufa ni jambo la mtu mmoja, kombe ni la watu wote. Vumilia mpaka Jumapili. Jumatatu, nakuahidi mbele ya picha hii, ukitaka kufa utakufa, na tutakuzika kwa mizinga."

Picha ikapigwa. Ilipotoka gazetini, chini yake iliandikwa: *Chanzo aahidi kuvumilia.*

Bi Eunike hakukaa kimya. Alikwenda Wizarani kuomba dawa, akaambiwa dawa za wananchi hutolewa zahanati ya kijijini kwao. Akawaambia zahanati ile ina bango tu. Wakamtuma hospitali kuu. Mfamasia wa hospitali kuu akamsikiliza kwa huruma, akamchorea njia kwa kidole hewani, fuata hivi, pinda hivi, na mama wa watu akafuata, akapinda, akajikuta yuko kwenye ule ule wavu wa uwanja wa gofu.

"Nimezunguka nimerudi hapa hapa," akasema, vidole vyake vimekamata wavu. "Toroka, Baba Neema."

"Nitorokeje? Nikisimama tu, dunia inalala ubavu."

"Rangi imekwisha usoni mwako. Macho mekundu kama ya kipanga." Akautikisa wavu. "Usije ukanifia kwenye majani ya watu. Kama ni kufa, si ungefia kwetu, penye mihogo?"

"Hata kwetu mihogo imeng'olewa, mama."

"Basi usife."

Hilo lilikuwa agizo, na ndiyo amri pekee katika nchi ile iliyotolewa na mtu anayelia.

*

Jumapili ikafika. Nyuma ya vyoo vya uwanjani walikuwa wamejenga kichumba, na ukutani wakaacha tundu la kupitisha ngumi. Mpimaji wa kigeni alisimama mlangoni mwa choo akiwa amegeuza mgongo, maana kwao ni watu wa adabu. Mchezaji akiingia anapitisha kichupa tunduni, Malumbo anakijaza upande wa pili, anakirudisha na uvuguvugu wake. Wa kwanza alisema, "Asante, baba." Wa pili, "Fanya haraka, mzee." Waliofuata hawakusema kitu.

Vichupa vyote vikajaa isipokuwa cha Mlezi, kwa kuwa Mlezi, naye mchezaji, hucheza wa mwisho na kumaliza anapopenda. Malumbo akabaki peke yake kichumbani. Kinu kisogoni kikabadilisha mchi. Upande wa kushoto wa uso ukaanza kufa ganzi. Akajishika ukutani, akateleza, akakaa kwenye maji maji ya sakafu.

Ndipo akakiona. Kidonge cheupe, chenye mstari katikati. Bila shaka kilimdondoka mchezaji mmojawapo wakati anahangaika na tundu, kikabingiria, kikaja kusimama kando ya kandambili yake.

Akakitazama. Kikamtazama.

Malumbo alikuwa amepima pamba ya watu maisha yake yote na hajawahi kujiweka mwenyewe kwenye mizani. Siku hiyo akajiweka. Upande mmoja akalipakia taifa: bendera, wimbo, kombe, Waziri na mizinga yake. Upande wa pili akaweka kisogo chake na vidole vya Bi Eunike kwenye wavu. Akaona taifa ni kubwa, lakini liko mbali. Kisogo ni kidogo, lakini ni chake. Akaokota, akameza bila maji. Kichungu kama chaki iliyolowekwa kwenye mwarobaini. Kikakwama kooni, pale penye kifundo, kikakataa kupanda wala kushuka, mpaka akakisukuma kwa sala ambayo mamaye alimfundisha ya kuombea mvua, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoikumbuka.

Uwanjani Mlezi alikuwa amekwama kwenye shimo la mwisho. Kimpira hakikutaka kuingia. Shimo likapanuliwa. Kikakataa tena. Mwishowe shimo likachimbwa upya pale kimpira kilipokuwa, na makofi yakavuma. Kufikia hapo kinu cha Malumbo kilikuwa kimeanza kupunguza kasi, na uso unarudi.

Mkono wenye pete ukapenya tunduni na kichupa.

"Jaza," ikasema ile sauti ambayo kila asubuhi hulitakia taifa kazi njema.

Malumbo akajaza.

*

Majibu yalisomwa pale pale, mbele ya wageni. Mpimaji alikohoa kidogo, akasema kuna jambo la ajabu: mikojo yote ni ya mtu mmoja, mwanamume, mtu mzima sana, mpenzi wa matikiti maji.

Waziri aliruka kutoka kitini. "Ndugu zangu! Leo sayansi imethibitisha yale tuliyowahubiria siku zote! Sisi ni kitu kimoja!"

Vigelegele. Bendi ikapiga.

"Sijamaliza," mpimaji akasema. "Vichupa vyote ni safi, isipokuwa kimoja. Chenye jina la Mlezi kina dawa."

Makofi yakakatika kama umeme. Kila mtu akagundua kwamba viatu vyake vinahitaji kutazamwa. Waziri alitafuta kiti kwa makalio, akakikosa.

Mlezi akasimama taratibu. "Mimi nimekutwa nayo?"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na hawa hawakukutwa nayo?"

"Hawakukutwa."

Mlezi akawageukia wachezaji wake, sauti inatetemeka kwa uchungu. "Kumbe miaka yote hii mimi peke yangu ndiye nilikuwa nameza kwa ajili ya nchi! Nyinyi mlikuwa mnatema!"

Wakakamatwa wote, papo hapo, kwa kosa la usafi.

Amri ikatoka kwamba kidonge ni uzalendo, na kila raia, mgonjwa na mzima, ameze mbele ya mjumbe wake wa mtaa. Malori yakapakia ghala. Vidonge vikafika kila zahanati, hata Lugongoni, ambako muuguzi alikuwa amesahau kabati linafunguka upande gani. Wenye presha walipona, wakalia, wakabusu kabati. Lakini wazima nao walimezeshwa, na mioyo yao, ambayo haikuwa na kosa, ikapungua mwendo. Fundi akazirai juu ya paa. Mwalimu akazirai katikati ya jedwali la saba, na darasa likabaki halijui ngapi. Wengine hawakuzinduka. Walizikwa polepole, maana wachimba kaburi nao walikuwa wamemeza. Nchi ikapoa kama uji uliosahauliwa. Hakuna aliyekasirika tena, hata kwa muhogo wake. Mlezi alipoona hivyo, alisema hilo ndilo kombe lenyewe.

Amri nyingine ikafuata: atafutwe yule Raia Msafi aliyewaambukiza wachezaji usafi, aletwe akiwa hai, au vyovyote vile. Bahati yake, askari wa langoni, yule aliyewahi kucheka, alikuwa ameshameza chake. Bi Eunike alimkuta amelala wima, mkono uko kwenye saluti. Akamtoa ufunguo mfukoni kwa upole, akamtoa mumewe, na Malumbo akapita chini ya saluti ile, ya mwisho kupigiwa. Wakaenda, wakaenda, wakichoka wakajua bado.

*

Nilipofika hapo, Bi Tumsifu, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu na ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kumdanganya miezi, akaweka mkufu wake wa tasbihi mapajani.

"Ngoja, mzee mwenzangu. Humo kichumbani Malumbo alikuwa na nani?"

"Peke yake."

"Hata wa kuchungulia?"

"Hata nzi."

"Na baadaye hakumsimulia mtu?"

"Angethubutu? Si anatafutwa!"

"Basi wewe umejuaje kwamba kidonge kilikwama penye kifundo, na kwamba kilishuka kwa sala ya mvua?"

Nikafungua mdomo nijibu. Na wakati huo huo, kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye jiko lake la vitumbua, mke wangu akapaza sauti kama anavyofanya kila siku:

"Baba Neema! Umemeza dawa yako?"

Wembe wa Makwega ukasimama hewani. Mgeni aligeuka kwenye kiti, povu likiwa bado shavuni, na shuka la kinyozi likapanda, tukaona viatu vyake. Vilikuwa na meno chini, ya kushika nyasi. Mtaa wetu hauna hata kiwanja cha gololi, seuze gofu.

"Baba Neema," akasema polepole. "Jina zuri. Na hiyo nchi, mzee, ulisema inaitwaje?"

Aliyewahi ni Bi Tumsifu. Akajipiga paja. "Mwongo! Mwongo mkubwa huyu! Leo tumemnasa!"

"Mzee mwongo huyu, anaapa kwa kaburi la mtu anayevuta ugoro!" Makwega akadakia. "Na hapa sote ni akina Baba Neema, mgeni. Hata mimi nina Neema."

"Mimi ninao wawili," akasema mwingine, ambaye hana mtoto.

"Alipe! Alipe! Alipe!" Wakapiga mabenchi, wakapiga ukuta, wakapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Nikainua mikono. "Mmeninasa, jamani. Ni uongo wote, kuanzia mihogo." Nikamwita mke wangu alete vitumbua vya baraza zima na birika la chai, na cha mgeni kiwe cha kwanza. Nikalipa. Kwa kweli uongo ni bei rahisi sana.

Mgeni akanywa taratibu, povu linakauka shavuni, macho yake kwenye koo langu. Kidonge kilikuwa mfukoni, kati ya vidole vyangu viwili, na kisogo kimeanza kutwanga. Nikamtakia afya njema, nikainua kikombe, nikanywa chai tupu.